Kasi Aliyopewa Mgeni

Tarehe 3 Machi

Wifi yangu Bi Waya,

Nakuandikia kutoka chumba cha mbele, ambako mashine ya kudarizi imekaa kimya tangu wiki iliyopita kama mgeni aliyenuniwa. Kompyuta ya zamani, ile uliyoifunga kwa mikono yako mwaka nilioolewa, imezimika, na fundi wa mtaani ameniambia bila kunizungusha kwamba haitaamka tena. Nimenunua nyingine, nyembamba na nyepesi, inayopendeza hata ikiwa imezimwa. Ila nilipoigeuza kutafuta pa kuchomeka kebo ya mashine, sikupaona. Kebo ina kichwa kipana cha pini tisa chenye skrubu mbili za pembeni; kompyuta ina vijitundu vya USB tu. Nimebaki nimeishika kebo kama mtu aliyeshika mkia wa mnyama aliyekwisha kukimbia.

Unajua kwa nini nina haraka. Chuo cha wauguzi kimeniagiza nembo za sare za wahitimu wote, na mahafali ni mwisho wa Aprili. Nikiwaangusha safari hii hawatarudi, na bila chuo hicho sina sababu ya kufungua mlango huu asubuhi.

Kaka yako sijamwambia. Huu ni mwaka wa tatu yuko huko ugenini kazini, na kila akipiga simu hunung'unika kwamba nyumba aliyopewa ni kubwa na kimya, kisha hugeuza maneno akaniuliza habari za mvua. Anachokitaka nakijua, hajawahi kukisema. Akisikia mashine imekwama atafurahi kimoyomoyo, nami sina nguvu za kumsikia mtu akifurahi kwa sauti ya kusikitika. Kwa hiyo habari hii ni yako peke yako.

Tafadhali niandikie, usinipigie. Mara ya mwisho uliponielekeza kwa simu ulisema nibonyeze kulia, nikakuuliza kulia kwangu au kulia kwako, ukacheka mpaka salio likaisha. Barua naweza kuisoma mara tatu bila mtu kunicheka.

Wifi yako,
Sindano

*

Tarehe 9 Machi

Wifi Sindano,

Mkia wa mnyama nimeusoma darasani, wanafunzi wangu wakiwa wameinamia mtihani, nikaangua kicheko. Imenibidi niwaambie nimepata barua ya mchumba. Sasa chuo kizima cha ufundi kinanitazama kwa heshima mpya.

Katika kifurushi hiki utakuta adapta: upande mmoja ni USB, upande wa pili ni poti ya siriali yenye pini tisa, pacha wa ile ya kompyuta yako iliyokufa. Usiichomeke kwanza. Hapo ndipo watu wote hukosea. Huona tundu, huona kichwa, wakavikutanisha, na kompyuta ikakipa kifaa jina lisilo lake. Anza na programu endeshi, ile inayoitambulisha adapta kwa kompyuta; imo kwenye flashi niliyoiweka humo humo kifurushini. Ikimaliza kujipakia, zima kompyuta, iwashe tena, ndipo uchomeke. Chagua tundu moja la USB ushikamane nalo, kwani ukihamia jingine kompyuta inaweza kudhani umeleta adapta nyingine na kuipa namba mpya. Litie alama ya rangi ya kucha. Usiniambie huna, nimeziona chupa zako.

Kisha fungua orodha ya vifaa vya kompyuta, tafuta mahali pa poti. Huenda adapta ikawa imepewa namba saba au nane. Programu yako ya kudarizi ni ya kizamani. Kwake yeye poti zinaishia nne, na zaidi ya hapo haoni kitu. Ingia kwenye mipangilio ya ndani ya poti hiyo, uibadilishe namba iwe mbili. Ukishindwa, kunywa maji, uanze upya.

Limebaki jambo moja, kasi ya mawasiliano. Kompyuta na mashine sharti zizungumze kwa kasi moja, la sivyo hazielewani. Niliiweka mimi, lakini sitaki kukutajia kwa kubahatisha; nitaitafuta kwenye kumbukumbu zangu nikuletee barua ijayo. Jumapili kaka atanipigia kama kawaida yake. Usiwe na wasiwasi, siri yako iko mahali salama.

Wifi yako,
Bi Waya

*

Tarehe 17 Machi

Wifi yangu,

Nimefanya yote, na nimeyafanya kwa mpangilio wako. Adapta ilikuwa imejipa namba saba, kama ulivyotabiri. Sasa ni namba mbili, na ile programu kongwe imeiona. Kuna kitaa kidogo cha kijani ndani ya kichwa cha adapta, nacho kilipowaka nilisimama nikakiangalia kama mtu aliyepata barua kutoka nyumbani. Tundu nimelipaka rangi nyekundu, na kidole gumba kimepata sehemu yake.

Mkuu wa wauguzi alipita jana. Nilikuwa nimekaa mbele ya skrini, nimejitia shughuli.

"Mdarizi, nembo zangu ziko wapi?"

"Ziko njiani."

"Njia ipi hiyo? Mbona hata sindano siisikii?"

"Inapumua kwanza."

"Iambie ipumue ikifanya kazi. Wasichana wangu hufanya hivyo usiku kucha."

Nilicheka naye, lakini alipotoka nilihesabu siku zilizobaki. Sasa nangoja kasi tu. Ninavyokutegemea safari hii, ningekuwa na aibu kama ungekuwa mtu mwingine. Kwako wewe sina.

Wako,
Sindano

*

Tarehe 25 Machi

Wifi,

Samahani kwa kuchelewa. Kasi ni elfu nne na mia nane; na kwenye kisanduku cha biti kilicho chini yake, weka saba. Weka hivyo hivyo.

Usijaribu kasi nyingine yoyote, hata kwa majaribio. Kasi isiyo yake hupeleka umeme mbaya kwenye ubao wa ndani wa mashine na kuuunguza, na pengine kompyuta yako mpya nayo ikaenda. Nakusisitizia kwa sababu najua ulivyo mdadisi.

Ikikataa kwa kasi hiyo, basi ujue tatizo si adapta wala si wewe. Itakuwa mashine yenyewe imefika mwisho. Vyombo hivi navyo huchoka, wifi, na hakuna aibu mtu kukubali kwamba kitu kimemaliza umri wake.

Kaka anakusalimia. Sauti yake haikunipendeza. Ana upweke mno.

Bi Waya

*

Tarehe 31 Machi

Wifi yangu mpenzi,

Imekataa. Niliweka kasi uliyonipa, nikabonyeza, na kwenye skrini zikaanza kumiminika herufi za kichaa: alama za kuuliza, vijisanduku, herufi zenye vikofia, kama mtu anayeweweseka kwa homa. Nilirudia siku nzima. Nilifungua skrubu za kebo nikazikaza upya. Nilifuta pini kwa kitambaa kikavu. Nilidhani macho yangu yamesoma vibaya, nikaifunua barua yako tena. Nikadhani vidole vyangu vimekosea, nikachapa namba moja moja huku nikizitaja kwa sauti.

Ipo orodha ya kasi inayofunguka ukibonyeza pembeni. Jana kidole changu kilikuwa juu ya kasi inayofuata hiyo yako. Nikakumbuka onyo lako, nikakiondoa kama mtu aliyegusa sufuria ya moto.

Nimeanza kudarizi nembo kwa mkono. Moja inanichukua tangu asubuhi hadi adhuhuri, na shingo haigeuki. Hesabu haitimii, wewe mwenyewe unaona. Niambie ukweli wako: nijaribu kasi nyingine, au ndiyo basi?

Wifi yako,
Sindano

*

Tarehe 7 Aprili

Wifi,

Ndiyo basi. Herufi hizo ni dalili kwamba ubao umeungua. Usijitese.

Nimekupatia mtu wa vipuri, mtu mwaminifu. Atafika tarehe 13 kuichukua mashine aiondoshe hapo, upate nafasi chumbani. Chuo cha wauguzi utawaandikia kwa adabu, watu huelewa. Kisha upumzike, utafakari maisha yako kwa upana wake.

Bi Waya

*

Tarehe 9 Aprili

Mke wangu,

Habari ya mashine nimeipokea kwa huzuni. Nimesikia kwamba sasa inatema herufi za kichaa tu kwenye skrini. Pole sana. Ilikutumikia vizuri, nawe uliitumikia vizuri zaidi. Usilaumu mtu, wala usijilaumu. Mambo mengine hufika mwisho yenyewe, bila mtu kuyasukuma.

Huku mvua zimeanza. Pazia ulilonishonea limekaa vema mlangoni. Jirani aliniuliza nimelinunua wapi.

Nyumba bado ni kubwa.

Mumeo

*

Tarehe 14 Aprili

Wifi,

Mtu wako wa vipuri alikuja jana. Alikuja na kompyuta yake ndogo na adapta yake, akaviweka juu ya meza yangu kwa uangalifu, na nikamwonea huruma.

"Kaka, usijisumbue kuijaribu," nilimwambia. "Imekufa."

"Mimi sinunui maiti, mama."

"Basi umedanganywa."

"Labda na wifi yako. Ndiye aliyeniambia ni nzima kabisa."

Alichomeka adapta, akafungua mipangilio, akachapa kasi bila kuuliza mtu: elfu tisa na mia sita, biti nane. Nikamshika mkono. Nilimwambia kwa ukali aache, ataiunguza. Akanitazama kwa upole, kama unavyomtazama mtoto anayeogopa kivuli chake.

"Kasi inaunguza? Nani kakwambia, mama? Ukikosea kasi hamwelewani, basi. Unaweka nyingine. Haichomi hata uzi."

"Na hiyo uliyoweka umeijuaje?"

"Bi Waya kanitajia kwenye simu. Akasema nisikutajie wewe, eti utaumia roho kuiaga ikiwa hai." Kisha akaona uso wangu. "Samahani. Naona mdomo umeniponyoka."

Sindano ikashuka. Wifi, sindano ilishuka ikadarizi ua dogo la majaribio kwenye kipande cha kitambaa cheupe, kwa mlio ule ule ambao nilikuwa nimeanza kuusahau. Mtu wako alisimama kando, ameishika kofia yake. Nilimwambia mashine haiuzwi.

"Na huko mjini nikawaambie nini?"

"Waambie umekuta mwenyewe yuko hai."

Alipoondoka niliweka kasi hiyo kwenye kompyuta yangu, kwa adapta ile ile uliyonitumia. Kabla ya adhuhuri nembo ya kwanza ilikuwa imekamilika.

Sasa nikuulize kwa utulivu. Mgeni ambaye hujawahi hata kuketi naye ulimpa kasi ya kweli. Mimi niliyekusuka nywele siku ya mahafali yako ulinipa ya uongo, kisha ukaniongezea hofu ili nisiikague. Herufi za kichaa nilikusimulia wewe peke yako, kwa maneno hayo hayo. Mume wangu kayapata wapi? Na barua yako ya kwanza ilikuwa ya kweli, kila neno. Nimeisoma upya kutafuta uongo ndani yake, sikuuona. Kwa hiyo kuna siku, kati ya barua hiyo na ile ya kasi, ulipoamua. Nataka kuijua siku hiyo.

Sindano

*

Tarehe 18 Aprili

Wifi,

Sitakana. Siku hiyo ni Jumapili niliyokutajia. Kaka alipiga simu, akaniuliza hali yako, na ulimi wangu ukateleza; nilidhani ni habari ndogo. Akasema, "Iache ife. Ikifa yenyewe atakuja bila ugomvi, na sitakuwa mimi niliyemwambia aiache." Nilikataa. Akaanza kulia. Sijamsikia akilia tangu tumzike mama. Ungekuwa wewe, ungefanyaje?

Nilijiambia kwamba namba mbili zilizokosewa si kitu cha kumwumiza mtu. Nilijiambia utalia wiki moja, kisha utafunga mizigo, kisha mtakuwa pamoja, na siku moja tutalicheka jambo hili sote watatu. Barua zangu ukazisoma kwa imani kiasi kwamba nilishindwa kuziandika ndefu. Uliona zilivyofupika? Huo ndio uaminifu uliokuwa umenibakia.

Lakini nawe nikwambie, kwa kuwa tumeshavunja vyombo. Una mume anayekula peke yake mbele ya kiti kitupu, wewe umeolewa na sindano. Watu wanauliza, nasi huku ndio tunaotafuta majibu. Hata jina hilo la utani tulikupa kwa mapenzi, ukalifanya amri.

Baba amesikia. Ameita kikao cha familia Jumamosi, tarehe 25. Kaka atasikiliza kwenye simu. Njoo, tuyamalize.

Bado wifi yako,
Bi Waya

*

Tarehe 24 Aprili

Kwa Baba mkwe wangu mheshimiwa. Kwa shangazi na wajomba mliokaa. Kwa wifi yangu. Na kwa mume wangu, anayesikiliza kwenye simu.

Naomba barua hii isomwe kwa sauti, na isomwe yote. Kutokuja kwangu si dharau. Nina nembo za wauguzi mkononi, na ahadi niliitoa kabla ya wito huu. Tena najua kwamba ningekuja ningelia, na machozi yangu yangehesabiwa kuwa jibu.

Mmekwisha kuelezwa yaliyotendeka, na sina shaka mmeelezwa kwa haki, kwa maana wifi yangu hajakana. Niliomba msaada wa kuunganisha mashine yangu na kompyuta mpya. Nilisaidiwa kwa moyo mweupe mpaka hatua ya mwisho. Katika hatua ya mwisho nilipewa kasi isiyo yake, na nikaonywa nisiguse nyingine. Kwa hiyo mashine nzima ikalala, na mimi nikakaa kando yake kama mfiwa.

Wapo kati yenu watakaosema: ni mashine tu. Wamesema kweli. Ni chuma, mkanda wa mpira na sindano. Nami sikuleta kikaoni malalamiko ya chuma. Kwa siku zote hizo niliamini mimi ndiye mjinga. Niliyashuku macho yangu, nikavishuku vidole vyangu, nikaanza kuona kwamba pengine kazi hii sikuwahi kuijua. Na wawili ninaowapenda walikuwa wakinitazama nikijishuku hivyo, mmoja kwa barua, mwingine kwa kusimuliwa, na wote wawili walikuwa wakijua.

Wapo watakaosema: walifanya kwa mapenzi. Sibishani nao. Nilipopewa pole ya kifo ambacho hakikuwapo, pole ile ilikuwa tamu. Ilitoka kwa mtu anayenipenda kweli. Ndiyo maana sijui tena nifanye nini na maneno yake matamu. Kuanzia sasa akiniambia kunanyesha, nitatoka nje kwanza nikanyooshe mkono.

Na wapo watakaosema: mume ana haki ya kumtaka mkewe. Anayo. Mdomo pia anao. Miaka mitatu aliniuliza habari za mvua. Neno moja, "njoo", hakuwahi kunitamkia. Alimwachia dada yake ambebee, na dada yake akalibeba kwa njia ya nyuma ya nyumba.

Wifi yangu, kwako nina machache. Hukunitendea hivi kwa chuki, na kama ungenitendea kwa chuki ningekwisha kukusamehe. Adapta inafanya kazi vizuri. Kazi yako niliyoijua ni hiyo, nami nitaisema popote nitakapoulizwa. Zaidi ya hapo sitakuandikia tena.

Baba, kwako naomba radhi kwa kukukosesha nafasi ya kusuluhisha. Suluhu huhitaji pande mbili zilizogombana, na mimi sikupewa hata nafasi ya kugombana. Uamuzi wangu ni huu: mashine haiuzwi, chumba hakifungwi, na hakuna atakayetumwa kunishawishi, kwa maana mlango nitaufungulia wateja tu.

Sasa, mume wangu, wengine wakiruhusu, nisikilize wewe.

Januari uliniomba pazia la mlango, ukanitumia vipimo vya mlango wenyewe. Nililishona. Nilipomaliza, kabla sijaikunja futi, nilizunguka nyuma ya mashine nikaipima. Niliipima upana, nikaipima kimo na meza yake, nikalinganisha na vipimo vyako. Inapita mlangoni kwako, na nafasi ya vidole viwili inabaki kila upande. Niliwaza ingekaa wapi. Ulisema chumba cha mbele kina dirisha. Nilikusudia kukuambia mara nembo za wauguzi zitakapokamilika, kwamba tunakuja, mimi nayo.

Zinakamilika Jumatano. Hatuji.

Mkwe wenu,
Sindano